Askofu Muge na serikali ya Rais Moi: tumkumbuke alivyokuwa, si tunavyotaka awe

Mkaazi wa Barani (mwanzilishi wa uzi)

Salaam aleikum, na kwa ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe.

Tangu miili zaidi ya 400 ifukuliwe katika msitu wa Shakahola mwaka 2023, hapa Malindi ni nadra watu kukaa barazani jioni bila mmoja wao kuuliza serikali na viongozi wa makanisa wanapaswa kuishi vipi. Wako wanaotaka kila mhubiri awe na kibali cha serikali, na wako wanaohofia kwamba kibali kikishakuwa mikononi mwa serikali, mahubiri nayo yatakuwa mikononi mwake. Hofu hiyo ina historia, na historia yenyewe si ya nchi za mbali bali ni ya Kenya. Nimeamua kuileta kupitia maisha ya mtu mmoja, Alexander Kipsang Muge, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Eldoret, kwa sababu namna anavyotajwa kila ifikapo Agosti, mwezi aliofariki mwaka 1990, hainiridhishi. Anatajwa kuwa mpinzani wa Rais Moi, kisha basi. Uhusiano wake na serikali ile ulikuwa mgumu kuliko hivyo, na nadhani ugumu huo ndio unaotufaa sisi leo.

Muge alikuwa Mnandi na Rais Moi alikuwa Mtugen, kwa hivyo wote wawili ni Wakalenjin. Kabla ya kuingia katika huduma, Muge alikuwa askari wa GSU, kikosi maalumu cha polisi ambacho Mkenya wa wakati ule akisikia kimetumwa mahali alijua raia watapigwa. Dayosisi ya Eldoret ilipoanzishwa mwaka 1983 ndani ya Kanisa la Kianglikana la Kenya, tulilokuwa tukiliita CPK, alikabidhiwa yeye akiwa bado na umri mdogo. Mtu wa kabila hilo, aliyepitia kikosi hicho, akiwa askofu wa mji huo, alihesabiwa kuwa wa serikali bila mtu yeyote kumwomba.

Walio vijana humu hawana budi kuelezwa hali ilivyokuwa. Juni 1982 Bunge lilibadilisha Katiba, KANU ikawa chama cha pekee kwa sheria, na miezi miwili baadaye, tarehe 1 Agosti, wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali wakashindwa. Kuanzia hapo utawala uliogopa kila kivuli. Taarifa ya habari ya redio ilianza na Mtukufu Rais alikokuwa na aliyoyasema, na siku ya Jumapili ilianza na kanisa aliloabudu. Rais mwenyewe alikuwa muumini wa kweli wa Africa Inland Church, hakukosa ibada, na viongozi wa AIC walikuwa karibu naye sana. Mwaka 1986 KANU ilipotangaza kwamba wapiga kura katika uteuzi wa chama watapanga mlolongo nyuma ya wagombea badala ya kupiga kura ya siri, wachungaji waliokusanyika chini ya Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya, yaani NCCK, walikataa. Hoja yao ilikuwa ya kichungaji kabla ya kuwa ya kisiasa: mchungaji akisimama nyuma ya mgombea mmoja mbele ya kijiji kizima, atawahudumiaje kesho wale waliosimama nyuma ya mwingine? AIC haikukubaliana na msimamo huo, ikajitoa katika NCCK, na makanisa mengine machache yakajitoa pia.

Uchaguzi wa 1988 ulifanyika kwa mlolongo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mlolongo alihesabiwa ameshinda moja kwa moja, bila kufika kwenye kura ya siri, na watu wakashuhudia kwa macho yao milolongo mifupi ikitangazwa kuwa mirefu. Jarida la NCCK lililoandika habari hizo lilipigwa marufuku mwaka huohuo, na mhariri wake akafungwa.

Katika hali hiyo Muge alisema. Aliupinga mlolongo. Alisema watu wa Pokot Magharibi wanakufa njaa wakati serikali ikikana kwamba kuna njaa. Aliwalaumu wakubwa kwa unyakuzi wa ardhi. Alisema pia kwamba hataweza kulalamikia haki za binadamu zinazovunjwa Afrika Kusini ikiwa haruhusiwi kulalamikia zinazovunjwa nchini mwake mwenyewe, na jambo hilo liliwauma wakubwa, kwa kuwa siku zile kuilaani serikali ya makaburu kulikuwa hakumgharimu kiongozi wa Kiafrika chochote.

Hapa nawaomba wenzangu wa Ganze, Bamba na Marafa watafakari habari ya njaa. Sisi tunajua njaa inavyokuwa: mahindi yanaungua shambani, mbuzi anauzwa kwa bei ya kuku, na mama anachemsha kitu ili watoto waone tu kwamba jiko lina moto. Tunajua pia uchungu wa kumsikia mkubwa akisema redioni kwamba hali ni shwari. Askofu wa Eldoret hakuhitaji nadharia yoyote ya dola ili kusema aliyoyasema. Waumini wake walikuwa na njaa na yeye akaitaja njaa. Serikali ndiyo iliyoamua kwamba kuitaja njaa ni siasa.

Sasa nije kwenye jambo linaloachwa nje ya hotuba za ukumbusho. Tarehe 1 Januari 1990 mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri alihubiri akiuliza kama yaliyozikuta serikali za chama kimoja za Ulaya ya Mashariki hayatazikuta za Afrika. Baadaye Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini naye akadai vyama vingi. Muge hakuwaunga mkono. Alitofautiana nao hadharani, alitofautiana na NCCK yenyewe, na hakuamini kwamba vyama vingi ndivyo dawa ya Kenya kwa wakati ule. Aliendelea kukemea ufisadi na dhuluma ndani ya utaratibu uleule wa chama kimoja.

Kisha mwezi Agosti mwaka huo, Waziri wa Kazi Peter Okondo, ambaye nyumbani kwao ni Busia, alitangaza kwamba Muge na Okullu wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Muge alikwenda. Tarehe 14 Agosti 1990 aliongoza ibada Busia, na katika safari ya kurudi Eldoret gari lake likagongana na lori la maziwa huko Kipkaren, akafa. Okondo alijiuzulu uwaziri. Dereva wa lori alihukumiwa kifungo cha miaka saba, akafia gerezani kabla hajakimaliza.

Kifo kile kilimfanya shujaa wa upande ambao yeye mwenyewe hakuwa amejiunga nao. Ninasema hivi kwa heshima yote, kwa sababu naamini sifa yake kubwa iko hapo: hakuwa akisema ukweli ili upande fulani ushinde. Angekuwa mtu wa upinzani, serikali ingeweza kusema anasema hayo kwa kuwa anataka madaraka. Kwa Muge serikali haikuwa na jibu hilo, na ndiyo maana nadhani iliudhika naye kuliko ilivyoudhika na wengi waliosema makali zaidi. Ningependa kusikia wengine mnalionaje jambo hili.

Mzee wa Ganda

Mwanangu, umeandika vizuri, lakini mimi niliyaona hayo nikiwa mtu mzima na nitakupinga mahali pamoja.

Mlolongo niliupanga. Tulisimama juani katika uwanja wa shule ya msingi, chifu akipita kwa fimbo yake, na kila mtu alijua kwamba atakayesimama upande usiotakiwa atakumbukwa siku ya kugawa mahindi ya msaada. Kadi ya KANU tulinunua wote, aliyeipenda na asiyeipenda, kwa kuwa bila kadi ulisumbuliwa hata sokoni. Sisi wa CPK tulikuwa Dayosisi ya Mombasa, na habari za maaskofu wa bara zilitufikia kwa mnong'ono au kwa gazeti lililokwisha kufungiwa samaki. Tulimpenda Muge kwa sababu tulidhani anautaka mwisho wa haya yote.

Sasa wewe unasema kutoutaka mfumo wa vyama vingi kulimpa nguvu. Mimi naona kulimpunguzia. Mtu anayetaja njaa, wizi wa ardhi na mlolongo, kisha akasema chombo kilichozaa mambo hayo kibaki, huyo amefika mlangoni akasimama. Huenda alichelea yatakayowapata watu wake Wakalenjin madaraka yakiondoka kwao, na hofu hiyo naielewa, maana mwaka 1992 tuliona damu iliyomwagika Bonde la Ufa. Lakini tusiigeuze hofu kuwa hekima.

Mkaazi wa Barani

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa ushuhuda huo wa mlolongo, kwa kuwa vitabu havielezi habari ya mahindi ya msaada kama ulivyoieleza.

Sijasema kwamba alikuwa sahihi kuhusu vyama vingi. Naona Okullu na Njoya ndio walioona mbali, na Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU chama cha pekee, kilipofutwa, kazi ile ilikuwa yao zaidi kuliko ya Muge. Ninachosema ni kingine: tukipima uhuru wa kiongozi wa dini mbele ya watawala kwa kuangalia tu kama alikuwa pamoja nasi katika swali kubwa la siku ile, tutakuwa tunatumia kipimo kilekile cha KANU. Wao waliuliza, "Huyu ni wetu au si wetu?" Nasi tunauliza vivyo hivyo. Muge anatusumbua kwa sababu maswali ya namna hiyo hayamfai.

Kuhusu hofu ya Wakalenjin, hilo sitalikataa. Ila ikumbukwe kwamba aliowalaumu kwa unyakuzi wa ardhi walikuwa pia wakubwa wa kwao, na kuwakemea wa kwenu mnaokutana nao matangani na harusini ni kazi nzito kuliko kumkemea mtu wa mbali. Hapa kwetu tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 watu wamekuwa maskwota juu ya ardhi ya babu zao, na tunawajua viongozi wa dini waliolisema jambo hilo vikali maadamu mwenye hati alikuwa mgeni, wakanyamaza mara mnunuzi alipokuwa mtu wa nyumbani.

Mwanashela

Wa aleikum salaam. Naomba nichangie kama Muislamu, kwa kuwa jambo hili lisisemwe kana kwamba ni la Wakristo peke yao.

Waislamu wa pwani tulipitia mtihani uleule, na serikali ileile. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992, vijana na baadhi ya maustadhi waliunda Islamic Party of Kenya. Serikali ilikataa kukiandikisha kwa hoja kwamba ni chama cha dini, Mombasa ikawaka moto, Sheikh Khalid Balala akakamatwa, na baadaye akiwa Ujerumani akanyimwa pasi ya kurudia nyumbani kwa miaka. Wakati huohuo kikazuka kikundi cha United Muslims of Africa kuigawa safu, Mwafrika upande huu na Mwarabu upande ule, na SUPKEM, baraza kuu la Waislamu wa Kenya, likaonekana kukaa karibu na serikali kuliko na vijana waliokuwa barabarani.

Nataka kusema hivi. Ndugu yetu wa Barani anamsifu askofu kwa kuwa hakuwa na upande. Lakini askofu alikuwa na kitu ambacho ustadhi wa Malindi hakuwa nacho: kanisa lenye maaskofu wenzake, baraza la taifa, marafiki Canterbury kwa Askofu Mkuu wa Waanglikana na magazeti yaliyokuwa tayari kuandika. Ustadhi akisema neno baada ya swala ya Ijumaa aliitwa kituoni Jumamosi, na hakuna gazeti la Nairobi lililouliza habari zake. Tukilinganisha ujasiri wa watu, tulinganishe pia ukuta walioegemea.

Mkaazi wa Barani

Hoja hiyo ni ya haki kabisa, shekhe wangu, na sina la kuipinga. Nitaongeza tu kwamba ukuta ule wa kanisa haukuwa imara kila mahali. Askofu David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki alivamiwa nyumbani kwake Kirinyaga usiku wa Aprili 1989, akapanda juu ya paa akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Njoya aliadhibiwa na kanisa lake mwenyewe. Mara nyingi serikali haikuhitaji kumgusa mhubiri. Ilitosha kumwonyesha mkubwa wake wa kanisa kwamba amekasirikiwa.

Muumini wa Maweni

Ndugu zangu, mimi ni wa AIC, na nimesoma uzi huu kwa uchungu kidogo. Inasemwa kwamba kanisa letu lilikaa karibu na Rais Moi kana kwamba ni aibu. Alikuwa muumini wetu tangu utotoni. Tungemfukuza? Maandiko yanatuagiza kuwaombea wafalme na wote wenye mamlaka, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya pili. Tena katika ukaribu huo zilijengwa shule na hospitali, na kwenye harambee zake walisomeshwa watoto wa maskini ambao leo ni madaktari. Askofu anayekemea hadharani anapata magazeti. Askofu anayemshauri Rais faraghani hatajwi na mtu, na pengine amezuia mabaya mengi.

Mkaazi wa Barani

Ndugu wa Maweni, nashukuru kwa kusema wazi, na naomba unijibu kwa upole kama ulivyoanza.

Kumwombea mtawala sikupingi, na Muge naye alimwombea. Shule na hospitali zipo na zinahudumia watu, sitasema vinginevyo. Kuhusu ushauri wa faraghani, wewe na mimi hatukuwa chumbani, kwa hivyo sitamhukumu mtu kwa aliyoyasema au kutoyasema humo. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa la faraghani. Makanisa wenzenu waliposema mlolongo utawatenganisha wachungaji na kondoo zao, kanisa lenu liliondoka barazani. Kitendo hicho kilifanywa mbele ya nchi nzima, na serikali ikakitumia kuonyesha kwamba wanaolalamika ni kikundi cha wachungaji wanasiasa, kwa kuwa kanisa la Rais liko kimya. Ukaribu unaweza kuwa wa faraghani, lakini faida ambayo mtawala anaivuna kutokana nao huwa ya hadharani, na kiongozi wa kanisa anayekubali kusimama karibu analazimika kuihesabu faida hiyo pia. Katika miaka ile mkulima wa Pokot Magharibi aliisikia redio ikitaja ibada ya Rais kila Jumapili, na njaa yake haikutajwa.

Naweza kuelewa mtu aliyenyamaza kwa hofu. Ninachoshindwa kukikubali ni unyamavu unaoitwa unyenyekevu mbele ya mamlaka ilhali waumini wanalala njaa.

Binti wa Gede

Kaka wa Barani, shikamoo. Mbona umepita haraka hivyo juu ya kifo? Waziri anasema mtu hatatoka hai, mtu hatoki hai, kisha tunaambiwa ni ajali. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alikufa, na serikali ya Idi Amin ikasema ni ajali ya gari. Ni maneno yaleyale.

Mkaazi wa Barani

Marahaba dada yangu. Nimepita haraka kwa makusudi, kwa sababu sipendi kuandika zaidi ya ninachoweza kukisimamia.

Habari za Luwum ni tofauti, na inafaa tuzitenganishe. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua Februari 1977 wakilalamikia mauaji na upekuzi uliofanywa nyumbani kwake usiku. Tarehe 16 Februari aliitwa Kampala mbele ya wanajeshi, akashutumiwa hadharani kwa kula njama, akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na siku iliyofuata serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali. Mwili wake ulikuwa na majeraha ya risasi. Hapo hakuna fumbo. Kwa Muge kulikuwa na mgongano wa kweli barabarani, kulikuwa na dereva, na kulikuwa na hukumu ya mahakama. Shaka iliyobaki imetokana na vitisho vya waziri, na pia na mwaka wenyewe: Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, aliuawa Februari 1990, miezi sita tu kabla yake. Wakenya waliokataa kuamini ajali walikuwa na sababu. Ila kukataa kuamini hakutoshi kuwa ushahidi, na Muge aliyedai serikali iseme ukweli kuhusu njaa anastahili tuwe waangalifu na ukweli kuhusu kifo chake.

Luwum anafanana na Muge kwa jambo jingine, ambalo kwangu ni zito kuliko ajali. Naye alilaumiwa kwa kuwa karibu. Alikaa na Amin katika hafla za serikali, akaendelea kumwendea kuwaombea watu waliokamatwa, na wapo Waganda waliomwona kuwa mlegevu, mpaka siku alipotia saini barua ile. Alikuwa pia ameshirikiana na viongozi wa Kikatoliki na wa Kiislamu kukutana kuhusu mauaji nchini, na mkutano huo ulimkasirisha Amin. Mwanashela, nadhani habari hii itakupendeza: mtawala aliyejitangaza kuwa mtetezi wa Uislamu aliudhika kuona mashekhe na maaskofu wameketi pamoja.

Mzee wa Ganda

Kuhusu Luwum nakubaliana nawe. Kuhusu Muge bado sijaridhika, ila nitasema hivi: waziri alipomtisha, angeweza kubaki Eldoret na hakuna ambaye angemlaumu. Alikwenda kuwaona watu wa Busia. Hilo halikuhitaji msimamo wowote kuhusu vyama.

Mkaazi wa Barani

Nami sitakushurutisha uridhike, mzee wangu.

Nina ombi kwa wanaosoma uzi huu bila kuchangia. Wengi wetu tuna wazazi waliokuwa wazee wa kanisa, walimu wa madrasa au maimamu hapa Malindi, Mambrui na Lamu kati ya 1986 na 1992. Waulizeni mambo mawili: ni matangazo gani ya serikali waliyoagizwa kuyasoma mbele ya waumini, na nani alikuwa akiyaleta. Yaandikeni hapa bila kutaja majina ya watu, kwa kuwa kanuni za kusimamia nyumba za ibada zikijadiliwa, watakaoitwa kutoa maoni wanapaswa kuwa na habari hizo mkononi.